Kifaa cha Umeme cha Kunyanyua Unyayo: Tathmini Baada ya Miezi 14 ya Kukivaa

Kiharusi kilinipata mwaka 2021, kikaniachia mguu wa kushoto ambao goti lake lilirejewa na nguvu lakini unyayo wake ukabaki unaning'inia. Kila nilipopiga hatua, ncha ya kiatu ilikwaruza sakafu, na mke wangu alikuwa akijua kwamba nimetoka chumbani kwa kuusikia ule mkwaruzo kabla hajaniona. Kwa muda mrefu nilitembea na splinti ya plastiki inayovaliwa ndani ya kiatu, hadi nilipokwenda kumtembelea binti yangu Uingereza, ambako nilipimwa na kufungiwa kifaa kinachosisimua neva ya mguu kwa umeme ili unyayo unyanyuke kwa wakati wake. Nimekitumia kwa miezi 14 sasa, 3 kule na 11 hapa Tanga. Sitaitaja kampuni iliyokitengeneza, kwa kuwa mengi ninayoyaandika yanahusu aina nzima ya vifaa hivi, ambayo wataalamu huifupisha kwa herufi FES, yaani kusisimua neva kwa umeme ili kiungo kifanye kazi yake.

Neva inayonyanyua unyayo hupita nyuma ya goti, kisha huzunguka kichwa cha ule mfupa mwembamba wa nje wa muundi. Ukipapasa chini kidogo ya goti, upande wa nje, utakigusa kinundu chake. Pedi moja yenye gundi hubandikwa hapo, na ya pili mbele ya muundi, juu ya msuli wenyewe. Nyaya zake hupanda hadi kwenye kijisanduku cha ukubwa wa pakiti ya sigara kinachokaa kiunoni, na waya mwingine hushuka hadi kwenye swichi nyembamba iliyolazwa chini ya kisigino, ndani ya kiatu. Kisigino kinaponyanyuka, umeme hupita na unyayo hupanda. Kisigino kinapogusa chini, umeme hufifia taratibu badala ya kukatika ghafla, ili unyayo ushuke kwa upole na usipige kofi ardhini. Mara ya kwanza nilihisi kama siafu wanapanda mguuni, na nilitaka kivuliwe. Kufikia siku ya tatu nilikuwa nimewazoea siafu hao, na baada ya wiki mbili nilikuwa nikiwasahau kabisa isipokuwa ninaposimama foleni na kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kwani hapo swichi hudhani kwamba ninatembea.

Kabla mtu hajauliza bei, aulize kwanza iwapo neva yake iko hai. Kifaa hiki hakirudishi neva iliyokufa. Kinaitumia neva nzima ambayo amri ya ubongo haiifikii. Kwa sababu hiyo huwafaa waliopata kiharusi, wenye mtindio wa ubongo, wenye maradhi ya kukakamaa kwa neva za ubongo na uti wa mgongo (multiple sclerosis), na baadhi ya waliojeruhiwa uti wa mgongo sehemu za juu. Aliyepooza kwa polio hatafaidika nacho, wala yule ambaye unyayo wake ulianguka utotoni baada ya sindano ya takoni kuichoma neva, na watu wa namna hiyo ni wengi kwetu kuliko tunavyokiri. Mwenye betri ya moyo, mwenye kifafa kisichodhibitiwa na mwenye vidonda mahali pa pedi wasiguse kitu bila idhini ya daktari.

Wazo lenyewe si geni. Liberson na wenzake walieleza mwaka 1961, huko Marekani, namna walivyoinua nyayo za watu waliopooza upande mmoja kwa swichi ya kisigino, na mpangilio wa kifaa changu haujapishana sana na wao. Baadaye watu wa Ljubljana, katika Yugoslavia ya wakati ule, walilifanya kuwa utafiti wa miaka mingi, na hospitali ya Salisbury nchini Uingereza ikalifanya kuwa huduma ya kawaida ya wagonjwa. Matokeo ya jaribio la Salisbury yalichapishwa mwaka 1997: watu 32 wenye kiharusi cha muda mrefu waligawanywa nusu kwa nusu, wote wakapewa mazoezi ya viungo, na waliovaa kifaa waliongeza mwendo kwa asilimia 20.5 huku wenzao wakiongeza kwa asilimia 5.2. Yapo maelezo mengine ya jaribio hilo ambayo wauzaji hawayasemi: walipopimwa bila kifaa, nafuu hiyo haikuonekana. Mimi pia nikikivua, mkwaruzo unarudi, ingawa si kwa kiwango kile cha mwanzo. Anayekinunua akitarajia kwamba baada ya mwaka atakitupa na kutembea peke yake, atavunjika moyo. Akichukulie kama miwani.

Swali linalofuata ni kwa nini mtu asibaki na splinti, ambayo ni rahisi na haihitaji betri. Ni swali la haki. Jaribio kubwa la Marekani lililowahusisha watu 495, ambalo matokeo yake yalitoka mwaka 2014, lililinganisha WalkAide, kifaa kingine cha umeme cha kunyanyua unyayo, na splinti kwa miezi 6 na kukuta kwamba kwa mwendo hakuna kilichomzidi mwenzake. Kwa saa ya ukutani, basi, ni sare. Tofauti niliyoiona mimi ni ya mwilini: splinti hukishika kifundo cha mguu kama gango, na joto la Tanga hulifanya jasho lijikusanye ndani ya plastiki hadi ngozi ichubuke, ilhali umeme hukiacha kifundo kicheze. Kupanda ngazi, kuinuka kwenye kiti kifupi na kukanyaga ardhi yenye mawe ni mambo niliyoyarudia baada ya kuiacha plastiki.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hakuna aliyenionya. Kifaa cha swichi ya kisigino kimetengenezwa kwa mtu anayevaa viatu tangu anapoamka hadi anapolala. Sisi huvua viatu mlangoni. Huvua tunapoingia nyumbani, tunapomtembelea jirani, tunapoingia msikitini, na hata katika baadhi ya zahanati. Wiki yangu ya kwanza Tanga niligundua kwamba kifaa nilichokisafirisha kwa ndege kinafanya kazi barabarani tu, na kwamba nyumbani, ambako nilikuwa nimeanguka mara mbili, ninarudi kuwa mtu yule yule wa mkwaruzo. Fiziotherapisti aliyenifungia kule hakuwa na kosa, maana aliniuliza kuhusu ngazi, bustani na basi, na mimi nilimjibu yote. Hakuna kati yetu aliyefikiria kizingiti.

Dawa yake ilitoka kwa fundi cherehani. Alichukua soksi nene, akashona kifuko cha turubai laini chini ya kisigino, swichi ikaingia humo, na waya ukapandishwa kando ya muundi kwa vishikizo viwili. Siku ya kwanza nilitembea sebuleni, unyayo ukapanda, mjukuu wangu akapiga makofi, kisha nikateleza kwenye vigae na kulishika pazia. Soksi ya pili ilitiwa nukta za mpira chini, na hiyo ndiyo ninayoivaa hadi leo. Msikitini kwenye mikeka na mazulia inafanya kazi vizuri kuliko kiatu. Wanaojiuliza kuhusu udhu wafahamu kwamba pedi hukaa karibu na goti, juu kabisa ya mahali maji yanapofika, hivyo sizibandui; ninachofanya ni kuzima kijisanduku, kuchomoa waya na kuvua soksi. Wakati wa swala yenyewe hukizima pia, kwani ukisujudu kisigino kiko juu na umeme utapita muda wote.

Lau ningeujua mtihani huu mapema, ningeomba kujaribu vifaa vya aina ya pili, ambavyo havina swichi bali hupima mwinamo wa muundi kwa kihisi kilichomo kwenye mkanda unaofungwa chini ya goti. Kile cha WalkAide ni cha namna hiyo. Hakihitaji kiatu wala waya, na mtu hukifunga kwa mkono mmoja, jambo lenye uzito kwa yeyote ambaye mkono wake nao umedhoofika. Bei yake, hata hivyo, ni mara kadhaa ya hiki changu, na changu pekee kilifikia bei ya pikipiki mpya.

Ubandikaji wa pedi ndio kazi ya kila asubuhi, na hauna mzaha. Pedi ikisogea upana wa kidole kimoja, unyayo hupinda ndani au nje badala ya kupanda wima, na kukanyaga kwa ukingo wa mguu ni hatari kuliko kukwaruza. Kule waliniwekea alama za kalamu, ambazo hapa jasho lilizifuta kabla ya adhuhuri. Mke wangu ndiye aliyeweka nukta za hina kwenye pembe nne za kila pedi, hina ya kawaida na si piko, nazo hudumu kama wiki mbili. Malaika za mguuni hupunguzwa kwa mkasi, hazinyolewi kwa wembe, kwa sababu ngozi iliyokwanguliwa huwasha sana umeme unapopita. Niliambiwa kwamba seti moja ya pedi itadumu takriban mwezi. Kwa unyevu wa pwani hunidumu siku 18 hadi 20, hata ninapozihifadhi kwenye jokofu zikiwa zimefunikwa kwa plastiki yake. Betri haina shida: ni ile ya mraba ya volti 9, ambayo muadhini wetu huitumia kwenye maikrofoni, na hupatikana duka lolote la vifaa vya redio.

Pedi ndizo zilizonitia hasara. Zilipokwisha, duka moja la vifaa tiba liliniuzia mashine nzima ya kutuliza maumivu kwa umeme, likiniapia kwamba ni kitu kile kile na kwamba pedi zake ni bora. Mashine hiyo hutoa umeme mfululizo bila kujua mguu uko hewani au chini. Haina swichi, haina mpangilio wa hatua, na haiwezi kumtembeza mtu. Pedi zake, ambazo ndizo nilizozitaka, zilikuwa na tundu la ukubwa mwingine. Ninawaonya pia kuhusu yale mazulia ya umeme ya kukanyaga kwa miguu miwili yanayouzwa kwa ahadi ya kutibu kiharusi: husisimua nyayo na misuli ya nyuma, yaani ile inayousukuma unyayo chini, wakati shida yetu ni kuupandisha. Sasa pedi huletwa kutoka kwa binti yangu, boksi moja kila anapopatikana msafiri.

Uchovu wa misuli nao usipuuzwe. Umeme huziamsha kwanza nyuzi nene zinazochoka upesi, kinyume na mwili unavyofanya wenyewe, kwa hiyo mwezi wa kwanza nilianza kwa dakika 10 asubuhi na 10 jioni, na niliyekuwa nikimcheka fiziotherapisti kwa tahadhari hiyo nilijikuta nimekaa barazani kwa mtu nisiyemfahamu, muundi ukitetemeka. Leo ninakwenda mtaa wa Ngamiani, hapa hapa Tanga, na kurudi, nikipumzika mara moja.

Nikipe alama 7 kati ya 10. Mbili zimekatwa kwa ajili ya kisigino kisichovaa kiatu, na moja kwa kuwa hapa nchini sijampata anayeweza kukirekebisha vipimo. Kila badiliko hufanywa kwa simu ya video, binti yangu akitafsiri, mke wangu akishika kamera karibu na muundi, na mimi nikitembea ukumbini huku na huku kwa soksi ya fundi cherehani.