Mizani ya sonara niliyonunua mjini Dodoma: nyota moja, labda mbili

Ningeandika siku ileile ningetukana, kwa hiyo nimesubiri. Sioni kama kusubiri kumesaidia.

Kwanza mjue nilikuwa napima nini, maana yule kijana wa dukani hakutaka kujua. Nina bunduki ya upepo, ile unayokunja mtutu na kuweka risasi moja moja, kipenyo milimita 4.5. Kibali ninacho, msije mkaanza. Sipigi njiwa wa mtu, natoboa karatasi tu. Nyumba yangu ya Nzuguni bado pagala, na korido yake ina mita 10 na kidogo. Mwishoni nimeweka sanduku limejaa mchanga, na humo ndani hata upepo wetu huu wa kung'oa mabati haunifikii. Sasa, kwenye karatasi ya mita 10, ile nukta ya alama kumi katikati ina kipenyo cha nusu milimita. Nusu! Ukikosea pumzi umeshaikosa.

Matundu yangu yalikuwa yanatawanyika. Bunduki ya springi kama hii yangu ina vituko vyake: inaruka kabla risasi haijatoka mtutuni, kwa hiyo ukiikaba inakukomoa, inataka uishike kilegevu na kwa namna ileile kila mara. Hilo nilishalizoea. Nikahamishia lawama kwenye risasi. (Kiswahili nacho kimetubania hapa: madini yenyewe ni risasi, na kinachotoka mtutuni ni risasi. Ukisema unapima risasi za risasi watu wanakuangalia.) Ni vidude vidogo, kichwa bapa, kiuno chembamba, nyuma kama sketi, na kimoja kina gramu nusu na ushee. Nikawaza, kizito kitaenda polepole na kutua chini, chepesi kitapanda. Nikivitenga kwa uzito nimemaliza kazi.

Ndipo nikanunua mizani. Shilingi 35,000, inasoma hadi sehemu moja ya elfu ya gramu, wenyewe wanaiita ya sonara.

Jioni ya kwanza risasi moja ikasoma 0.531. Nikaiinua, nikairudisha: 0.527. Mara ya tatu: 0.538. Risasi ileile, jamani! Nikazima feni, nikafunga madirisha, nikabadili betri. Sahani ikiwa tupu inajiandikia yenyewe hasi 0.004, kana kwamba nina deni. Sikukata tamaa. Usiku mbili nilikaa nikapanga kopo zima la 500 kwenye vifuniko vya Blue Band, nzito huku, nyepesi kule. Kulipokucha nikarudia kupima chache. Nzito zimekuwa nyepesi. Nyepesi zimenenepa usiku.

Nikairudisha dukani, pale karibu na Jamatini, duka silitaji. Nikasalimia vizuri, nikaeleza. Kijana hakuinua macho kwenye simu.

"Kwani mzee unapima nini, bangi?"

Duka lilikuwa limejaa. Wakacheka wote, mpaka mama mmoja aliyekuja kununua chaja. Nikamwonyesha risasi kiganjani, nikamwambia mdogo wangu, hebu pima hii mara tatu mwenyewe. Akavua pete yake akaiweka. "Si inasoma hiyo?" Akanyoosha kidole kwenye karatasi ukutani, mali ikishauzwa hairudishwi, kisha akavuta droo kutafuta mpira wa kufungia boksi langu. Nikaona humo vichaji, betri na kijiwe fulani kinang'aa. Akanirudishia mzigo akisema, "Kitu kidogo hivyo, mzee, hata Mungu hakipimi."

Nina umri wa kumzaa.

Kwa hiyo hadi hapo ni nyota sifuri, na mngeishia kusoma hapa. Lakini haki ni haki. Nilipita kwa fundi mmoja wa dhahabu, mzee wa Kigogo mpole sana, akaiweka mezani kwake akacheka taratibu. Akasema mizani ya elfu ya gramu inasikia hata pumzi yako. Iwashe, iache nusu saa ipoe akili, meza iwe nzito isiyotikisika, ifunike na kibakuli cha plastiki unapopima, na kila ukiihamisha irekebishe kwa jiwe lake, kile kipande chenye uzito unaojulikana. Tukafanya hivyo kwa jiwe lake yeye. Ikatulia! Bado inayumba tarakimu moja au mbili za mwisho, lakini si ule wazimu wa nyumbani. Nikaanza kuona aibu. Labda mizani haina kosa, labda mimi ndiye nilikuwa naipumulia.

Kisha mzee akauliza, "Jiwe lako la gramu 20 liko wapi? Boksini pana nafasi yake."

Pana nafasi, kweli. Duara kabisa, tupu. Hasira yote ikarudi na riba.

Na mjue kichekesho chenyewe. Nilirudi koridoni nikapiga karatasi 10, matano matano, nusu kwa zilizopimwa vizuri, nusu nimechota tu kopolini. Tofauti sikuiona. Kilichokuja kuyakusanya matundu yangu ni kopo jingine lenye kichwa cha milimita 4.51 badala ya 4.50, kinachokaa mtutuni kwa kubana kidogo. Bila mizani yoyote. Kwa hiyo kwa kazi yangu haifai. Kwa mwenye dhahabu na meza nzito, huenda ikafaa. Mama watoto anaipimia hamira, anasema ni nzuri. Mpeni yeye nyota mbili.

Na wewe kijana, kama unapita hapa: jiwe langu liko kwenye droo yako, karibu na zile betri. Nililiona.