inDrive jijini Dar es Salaam: abiria akiachiwa ataje nauli, aishie wapi?

Kinachoitenga inDrive, programu ya simu ya kuita usafiri, na wenzake kama Bolt ni kwamba bei ya kwanza anaitaja abiria. Unaandika ulipo na unakokwenda, programu inapendekeza kiasi, nawe unakiacha kilivyo, unakipunguza au unakiongeza. Madereva walio karibu wanaiona ofa yako. Mmoja anaikubali, mwingine anaipita, wa tatu anarudisha bei yake. Majibu yanaingia moja moja, kila moja na jina la dereva, aina ya gari, nyota alizopewa na dakika za kukufikia, kisha unachagua. Ni mapatano yaleyale ya kijiweni, tofauti ni kwamba hamuonani usoni, na mtu asiyeonwa usoni hutaja bei ambayo asingethubutu kuitamka mbele ya dereva.

Huduma hii ilianzia Yakutsk, mji wenye baridi kali huko Siberia, Urusi. Madereva wa teksi walipandisha nauli baridi ilipozidi mwishoni mwa mwaka 2012, na wakazi wakaanzisha kundi mtandaoni la kupatana nauli wenyewe. Kwa hiyo ilibuniwa kumkinga abiria dhidi ya dereva aliyembana. Dar mizani imelalia upande wa pili: magari ni mengi, na madereva wengi wanaendesha gari la tajiri, yaani mwenye gari, na jioni hesabu, kiasi anachodai kwa siku, lazima ifike. Abiria akibonyeza kitufe cha kupunguza, anambana mtu ambaye tayari amebanwa.

Tathmini yetu ni hii: kwa anayejua safari inagharimu nini, hii ndiyo huduma nzuri kuliko zote za usafiri wa kuita kwa simu. Kwa asiyejua, inamfanya bahili bila yeye kujitambua. Basi tupige hesabu.

Chukua safari ya Mwenge hadi Posta kwa Toyota IST, kilomita kama 10. Dereva hayuko mlangoni kwako. Weka kilomita 2 za kukufuata, zinakuwa 12. Kwenye foleni ya barabara ya Ali Hassan Mwinyi, huku kiyoyozi kinafanya kazi, gari hilo litakwenda kilomita 10 hivi kwa lita moja, kwa hiyo linakula lita 1.2. Petroli tuiweke shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu iwe nyepesi (EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, badilisha namba kulingana na tangazo). Mafuta peke yake ni 3,600.

Sasa hesabu ya tajiri. Tuseme ni 30,000 kwa siku. Saa 12 za kukaa kwenye usukani, ukitoa foleni, kusubiri na kufuata abiria, zinatoa safari za namna hii kama 8. Kila safari inabeba 3,750 ya tajiri. Jumlisha na mafuta, 7,350. Kamisheni ya inDrive kwa kawaida ni ndogo kuliko ya wapinzani wake, tuiweke 10%. Ili dereva abaki na 7,350 baada ya makato, nauli lazima iwe karibu 8,200. Na hapo bado hajanunua chai. Mpe kipato cha 20,000 kwa siku, yaani 2,500 kwa kila safari, nauli inafika 11,000. Pancha, ambayo kwa kawaida ni ya dereva mwenyewe, hatujaigusa.

Kwa hiyo kati ya 8,200 na 11,000 pana uwanja halali wa kupatana. Mchana mkavu, barabara nyeupe, dereva yuko mita 300 kutoka kwako na anaelekea mjini hata hivyo: 9,000 ni bei ya mtu mwenye akili, hakuna aliyedhulumiwa. Lakini 6,000 kwa safari hiyo haiitwi tena kubana matumizi. Dereva akiipokea, amepokea kwa sababu ni saa kumi jioni na hesabu haijatimia, na kila shilingi chini ya 8,200 inatoka kwenye mfuko wake kuja kwako. Huo ndio mstari tunaoutumia katika tathmini hii yote. Ukiigharamia akiba yako mwenyewe, kwa kutembea, kusubiri au kupanda chombo kidogo, wewe ni mwangalifu wa fedha. Akiigharamia mwingine, wewe ni mkono wa birika, hata kama mwingine huyo amebonyeza "kubali".

Vyombo vidogo vina namba zake. Kwa umbali uleule, kwenye barabara ambazo bajaji zinaruhusiwa, weka kilomita 25 kwa lita, hesabu ya 15,000, kipato cha 15,000 na safari 10 kwa siku: unapata karibu 5,000. Bodaboda kwa kilomita 40 kwa lita, hesabu ya 8,000, kipato cha 12,000 na safari 12, unapata kama 2,900. Tazama pengo lilivyo. Mwenye 5,000 mfukoni hana haja ya kumtesa mwenye IST, achukue bajaji, upepo uingie, afike. Na anayetoka mjini kwenda Mbezi, akiwa na muda zaidi, apande basi la Mwendokasi hadi Kimara kisha bajaji kwa kipande kilichobaki. Huko ndiko fedha inakookolewa kwa kweli, na haiokolewi kwa kumkata dereva 500. Kupakia watu watatu kwenye bodaboda, mishikaki, hatukuhesabu hapa kabisa. Ni kosa kisheria, na kinachowekwa rehani pale ni miguu ya watu.

Abiria wengine hujitetea kwa kusema gari linatumia gesi. Ni kweli kwamba CNG, yaani gesi asilia iliyoshindiliwa, inashusha sana gharama ya nishati, na Dar imejaa bajaji na magari yaliyofungwa mtungi. Lakini kufunga mfumo huo ni fedha nyingi, mara nyingi ni mkopo unaolipwa kidogo kidogo, na foleni ya kujaza gesi hula saa ambazo dereva angekuwa barabarani. Punguza kidogo kama unajua gari ni la gesi, ila usijichukulie unafuu wote.

Bei ikiwekwa chini mno, huduma huharibika kwa njia zinazotabirika. Madereva wenye nyota nyingi huipita ofa, kwa sababu wana abiria wa kutosha. Wanaobaki ni walio mbali au waliokwama na hesabu, na aliyekwama na hesabu hukimbiza gari ili awahi safari nyingine. Kiyoyozi "kimeharibika". Au dereva anakubali, kisha anapiga simu: "Bosi, ongeza kidogo basi, huku foleni." Ukigoma, anakaa alipo hadi ufute safari mwenyewe. Tatizo baya kuliko yote ni ombi la kufuta safari kwenye programu na kwenda kimyakimya ili kamisheni isikatwe. Usikubali, hata ukipunguziwa 1,000. Safari ikifutwa, hakuna rekodi ya nani alikuchukua, gari gani, na saa ngapi, na kitufe cha dharura hakina safari ya kufuatilia. Kwa dada anayerudi nyumbani saa tano usiku, 1,000 hiyo ni ghali mno.

Hapa inafaa kukumbuka sababu ya madereva kuichukia kamisheni. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, ilishusha ukomo wake hadi 15%. Uber ikasimamisha huduma nchini Aprili mwaka huohuo, ikarejea Januari 2023 baada ya ukomo kupandishwa hadi 25%. Robo ya nauli ni fedha nyingi kwa mtu ambaye mafuta yameshakula theluthi. Hivyo unapolinganisha inDrive na wenzake, usilinganishe nauli tu. Nauli ya 9,000 yenye makato ya 10% inamwachia dereva 8,100. Ya 10,000 yenye makato ya 25% inamwachia 7,500. Abiria amelipa pungufu na dereva amepata zaidi, na huo ndio ubora halisi wa inDrive, ambao haukuhitaji mtu yeyote kuminywa.

Kuna gharama ambazo bei ya kwanza haizioni, nazo ndizo hugeuza mtu mwema kuwa bahili njiani. Ukienda Kigamboni kwa Daraja la Nyerere, kuna ushuru wa daraja, na dereva ataulipa tena akirudi mtupu. Andika kwenye sehemu ya maelezo kabla ya kutuma ofa: "ushuru wa kwenda na kurudi juu yangu." Ada ya geti la uwanja wa ndege ni hivyo hivyo. Ukienda pembeni mwa jiji usiku, Chanika au Bunju, dereva hatapata abiria wa kurudi naye. Kilomita 20 za kurudi mtupu ni mafuta ya 6,000, beba angalau nusu yake. Mvua za masika zikifunga barabara pale Jangwani, mzunguko unaongeza kilomita ambazo hamkupatana. Nauli haibadiliki yenyewe, kwa hiyo badilisha wewe, na sema mapema: "Kaka, tumezunguka, nitakuongezea 2,000." Dereva aliyeambiwa hivyo haendeshi kwa hasira.

Kusubiri nako kuna bei. Dereva anayehitaji 50,000 (30,000 ya tajiri na 20,000 yake) katika saa 12 anahitaji kama 70 kila dakika. Dakika tano za kukungoja ushuke ghorofani ni adabu yake ya kazi. Dakika 15 dukani, baada ya "napita hapa mara moja", ni 1,000 na zaidi kidogo. Ziongeze, au weka kituo hicho kwenye programu tangu mwanzo ili akipange kwenye bei yake.

Sasa bakshishi. Dar hatuna desturi ya asilimia, na hatuihitaji. Desturi iliyopo ni kukamilisha namba: nauli 8,500, unatoa 9,000 au 10,000 na kusema, "Chenji baki nayo, kaka." Inatosha. Pale dereva alipofanya kazi isiyo ya kuendesha, toa cha ziada hata kama nauli ilikuwa nzuri: amebeba gunia la mchele kutoka buti hadi mlangoni, amemshika bibi mkono hadi ndani ya hospitali, amefuta tope la viatu vya watoto wako kwenye viti. 1,000 hadi 2,000 kwa hayo si ufahari. Siku ambayo huna, asante yenye jina lake na nyota tano vina thamani kwake, kwa sababu nyota ndizo zinazomfanya achaguliwe na abiria wa kesho.

Tunachokikataa ni bakshishi ya kujisafisha. Mtu ameshindana hadi nauli ya 11,000 ikawa 7,000, kisha akishuka anatoa 500 kwa tabasamu. Dereva amepoteza 4,000 na anatakiwa ashukuru. Anza na nauli ya haki. Na ikiwa ulikubali 9,000 na huna ziada, lipa 9,000 yako bila aibu, hudaiwi.

Malipo yenyewe yana mtego. Wengi hulipa taslimu, kwa hiyo toka na noti za 1,000 na sarafu za 500. "Sina chenji" ya abiria mwenye noti ya 10,000 kwa safari ya 4,000 humpeleka dereva kuzunguka vibandani kwa muda ambao haulipwi. Ukilipa kwa simu, uliza kama ana Lipa Namba. Kama hana na unatuma kwenye namba yake ya kawaida, tuma na ya kutolea. Ukituma 9,000 kamili, atakatwa ada akienda kwa wakala, na wakala ndiko anakokwenda leoleo, maana tajiri na sheli wanasubiri.

Nyota: inDrive tunaipa nne kati ya tano kwa safari za mchana za ndani ya jiji. Kwa usiku, na kwa safari za pembezoni, tatu: bei inayopendekezwa na programu ichukulie kuwa mahali pa kuanzia, ongeza mafuta ya kurudi kabla hujatuma ofa, na kagua namba ya gari kabla hujafungua mlango.