Mtoto aliye mahabusu: kikundi cha ushauri au rufaa ya hospitali?

Uganda, mtoto anayeshtakiwa kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo haruhusiwi kukaa mahabusu zaidi ya miezi 3. Muda huo ndio unaoamua mengi.

Kikundi cha ushauri kinaendeshwa humo humo, kwenye mahabusu za watoto kama Naguru au Mbale. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa tiba ya kikundi una vikao 8, kimoja kwa wiki, kwa hiyo kinatosha ndani ya miezi 3. Kinafaa kwa huzuni nzito, msiba na ugomvi wa nyumbani. Kinachokiua ni dhamana: mtoto anatoka baada ya kikao cha 3, na hakuna anayemfuatilia. Mpeni afisa ustawi wa jamii wa wilaya yake taarifa kabla hajaondoka, wala msisubiri aondoke. Jambo jingine: mlinzi asikae chumbani, maana watoto hawatasema kitu.

Rufaa, iwe Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, au kitengo cha akili cha hospitali ya mkoa, ni ya mtoto anayesikia sauti, mwenye kifafa, au anayetaka kujiua. Huyu wa mwisho asisubiri kikundi hata siku moja, na asiachwe peke yake. Rufaa inahitaji gari, msindikizaji na barua, na mara nyingi hukwama kwenye mafuta. Hatari kubwa zaidi huja akirudi: dawa ya kifafa ikikatika ghafla, degedege hurudi kwa nguvu. Akabidhiwe dawa zinazovuka tarehe ya kliniki ijayo, na tarehe hiyo isigongane na ya mahakama.

Kwa watoto walio wengi, tungeanza na kikundi.