Niliomba sponji chafu, nikaletewa kundi zima la samaki

Naanza na kioo, maana haki ya mtu apewe. Tangi la samaki la lita 300 nililonunua kwenye duka hili la Dar es Salaam, sentimita 120 kwa 50 kwa 50, limetengenezwa vizuri kuliko mengi ninayoyaona mjini. Kioo ni cha milimita 10, silikoni imepita bila kiputo hata kimoja, kingo zimesuguliwa hazikati mkono. Stendi ni ya bomba la mraba, na juu yake wamelaza stairofomu ili kioo kisikalie chuma kitupu. Tangi la ukubwa huu likishajaa maji, mawe na mchanga linapita kilo 400, kwa hiyo fundi anayejali mambo haya anastahili nyota tano. Nampa.

Sifa zinaishia hapo.

Nililipia kifurushi kizima: tangi, kichujio, kufungiwa nyumbani, na baadaye kuletewa samaki. Samaki wenyewe ni Tropheus duboisi, siklidi wa kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, ambao wakiwa wadogo ni weusi wenye madoa meupe. Makubaliano yapo kwenye ujumbe wa simu hadi leo: mnafunga tangi, mnaniletea sponji moja iliyotumika kutoka kwenye vichujio vyenu, samaki wanafuata tangi likishakomaa. Wakajibu, "Sawa bosi." Siku ya kufunga, mimi nikiwa kazini, wakajaza maji na jioni ile ile wakamimina kundi lote la samaki. Sponji hawakuleta.

Kwa asiyefuga siklidi hili linaweza kuonekana dogo, kwa hiyo nalieleza. Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, muda wote, hasa kupitia matamvua. Tangi lililokomaa lina bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na wengine wanaogeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo unaipunguza kwa kubadilisha maji kila wiki. Bakteria hao hawaelei majini. Wameng'ang'ania kwenye sponji, mawe na vigae vya kichujio. Ndiyo maana ndoo ya "maji ya zamani" haisaidii kitu, na sponji moja chafu inasaidia sana. Pasipo sponji, tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kukomaa.

Na kwa samaki wa Tanganyika adhabu ni kali zaidi, kwa sababu maji yao yana pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, ya 8.6 hadi 9. Katika joto la nyuzi 26, amonia iliyo katika umbo la sumu ni chini ya asilimia 1 ya amonia yote ikiwa pH ni 7. Ikifika 8 ni karibu asilimia 6. Ikifika 9 ni karibu asilimia 38. Uchafu ni ule ule, lakini sumu imeongezeka mara sitini na zaidi. Mtu anayeuza siklidi wa Afrika na halijui hili hafai kuuza. Anayelijua na bado akamimina samaki, huyo sijui nimuiteje.

Tena Tropheus hawaruhusu njia ya kupunguza makali, ile ya kuanza na samaki wawili watatu na kuongeza polepole. Mgeni akiingizwa peke yake kwenye kundi lililokwisha kugawana mawe, hupigwa mpaka afe. Kwa lita 300 unaingiza 15 hadi 20 kwa pamoja. Kwa hiyo kichujio kinatakiwa kiweze kubeba mzigo wote kuanzia saa ya kwanza. Hakuna mkato.

Samaki wakaanza kuhema juu ya maji, mapezi yamebana, matamvua yamewiva mekundu. Nikapiga simu dukani. Mwenye duka akaniambia, "Bosi, samaki ni kama maua ya chungu, wakifa unaweka wengine." Akakata simu. Jike la Tropheus hulea mayai yake mdomoni kwa karibu mwezi mzima, na mayai yenyewe ni machache. Samaki wa namna hii anafananishwa na ua la chungu!

Ukikutwa na hali hiyo, acha kulisha kabisa. Badilisha nusu ya maji kwa maji yaliyotolewa klorini, yenye joto sawa na pH sawa. Ongeza hewa. Usimwage soda ya kuokea saa hiyo, kwa maana ukipandisha pH unaigeuza amonia iliyokuwa imetulia kuwa sumu. Kama kipimo kinaonyesha nitriti, chumvi ya kawaida kidogo husaidia, kwa sababu kloridi huizuia nitriti isipenye kwenye matamvua. Tulifanya yote hayo. Wengi walikufa hata hivyo.

Yule kijana aliyekuja kufunga simlaumu sana. Nilipomuuliza alisema, "Mzee, mimi nimetumwa tu, samaki walishafungwa kwenye mifuko." Lakini hata mawe aliyapanga juu ya mchanga, na siklidi huchimba. Wakichimba chini ya jiwe, jiwe linaanguka, na linaangukia kioo. Mawe hutangulia, yakakaa juu ya kioo chenyewe au juu ya wavu wa plastiki, halafu mchanga unamwagwa kuyazunguka. Nimelazimika kutoa kila kitu na kupanga upya. Na ndani ya kifurushi waliniuzia hita! Dar, ambako shida ya miezi mingi ni maji kupita nyuzi 29 na hewa kupungua. Hita mpelekee mtu wa Mbeya au Arusha.

Tangi sasa linakomazwa bila samaki. Mfugaji mmoja wa mtaa wa pili alinipa sponji bure, ikaja ndani ya mfuko wenye maji ya tangi lake, ikiwa mbichi, bila kupitishwa kwenye maji ya bomba. Natia amonia safi mpaka kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Itikise chupa kwanza, povu likidumu ujue ina sabuni, usiitumie. Ukiikosa, kipande cha kamba mbichi wa baharini kwenye soksi nyembamba kitaoza na kufanya kazi ile ile, ila kinanuka. Siku ambayo hizo miligramu 2 zitaisha ndani ya saa 24, na nitriti nayo isome sifuri, tangi liko tayari. Kwa kila lita 20 nimeweka kijiko cha chai cha soda ya kuokea, siyo hamira wala poda ya kuokea, na kijiko cha mezani cha haluli, ile chumvi ya Epsom ya duka la dawa. Bakteria hula bikaboneti ya maji, yaani ile ya soda, wanapofanya kazi. Soda ikiisha, pH inaporomoka na wao wanalala.

Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, usiwashe kichujio cha kopo, kile kinachokaa nje ya tangi, kabla ya kukifungua. Maji yaliyofungiwa humo yamekosa hewa na yananuka. Yamwage, suuza sponji kwenye ndoo ya maji ya tangi, ndipo uwashe.

Nilikusudia kumalizia kwa kusema kanunueni kioo pale, huduma tafuteni kwingine. Sasa kadiri ninavyoandika naona hata hilo ni kuwapendelea. Vichujio vyao vimejaa sponji zilizokomaa, kunipa moja kusingewagharimu shilingi, na walikuwa wameahidi kwa maandishi. Nyota za duka nazifuta zote. Za fundi wa kioo zibaki, kwa kuwa kazi yake haikuua mtu wala samaki, na kama atafungua karakana yake mwenyewe nitakuwa mteja.

Jana wamenitumia ujumbe kwamba wako tayari kunifidia kwa kuniletea kundi jingine "hata kesho". Kesho! Kwenye maji ambayo nitriti yake bado iko juu! Nimewajibu sitaki samaki. Nataka pesa ya samaki na pesa ya hita, na mpaka sasa hawajajibu.