Ofisi inachemka Mombasa, ununue feni, AC au coola?

Kaskazi ikishika, Desemba mpaka Machi hivi, ofisi za ghorofani huku mjini zinageuka tanuri na kila mtu anakimbilia dukani kununua chochote chenye upepo. Ngojeni kwanza jamani.

Namba moja kwangu ni feni ya dari, na sibishani na mtu. Inakula wati kama 70, yaani iwake masaa 9 ya kazi haifiki hata uniti moja ya stima. Lakini feni haipoozi chumba, inakupooza wewe kwa kukausha jasho, kwa hivyo mkitoka kwenda kula izimeni, kiti hakitoki jasho.

Namba mbili AC ya inverta, ya BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupooza) yatosha ofisi ndogo ya watu watatu wanne. Ya kawaida ni rahisi kidogo lakini kompresa yake ni kuwaka kwa nguvu zote ama kuzima, hakuna katikati, ya inverta chumba kikipoa inapunguza mwendo. Weka 25 au 26 na feni izunguke taratibu, wale wa kuweka 18 wakidhani itapoa haraka haipoi haraka, inakula tokeni tu, halafu mhasibu anajifunika leso mabegani mchana kweupe. Na uliza kama koili ya nje imepakwa dawa ya kutu, manake chumvi ya bahari yetu haina huruma.

Feni ya kusimama ni ya tatu, kwa mpangaji aliyekatazwa kutoboa dari. AC ya kubeba yenye bomba la dirishani ya nne, kwa shida, inavyotoa hewa nje ndivyo joto linavyorudi kupitia kila upenyo.

Mkiani ni coola ya maji, na hapa nina kidonda. Niliuziwa moja nikaambiwa ni AC ya bei nafuu. Kumbe inapooza kwa kugeuza maji kuwa mvuke, hiyo ni ya Lodwar kwenye hewa kavu, si huku pwani ambako hewa ishashiba maji. Siku ya tatu karatasi zinakwama kwa printa, na bahasha mpya kwenye droo zimejibandika zenyewe! Sasa iko stoo, tunawekea faili juu.

Ah, na kabla hujatoa pesa, dirisha la magharibi litie kivuli kwa nje, pazia la ndani lachelewa, jua lishapita kioo. Sisi tulifunga turubai tu, na AC ikaanza kupumzika saa tisa alasiri, zamani ilikuwa inanguruma mpaka tunafunga.