Gari la kwanza la manyuali: lipi ununue, lipi uliache yadi

Manyuali siku hizi yanatafutwa kwa tochi. Magari mengi yanayoshuka bandarini Dar es Salaam yanatoka Japani, na Wajapani wenyewe walishahamia oto zamani. IST, ambayo ndiyo imejaa barabarani kwetu, kwa soko lao ilitoka oto tupu. Ndiyo maana tuna watu wazima wenye leseni ya daraja D mfukoni ambao hawajakanyaga klachi tangu siku ya mtihani, na siku ofisi ikiwakabidhi Hilux ya kwenda mkoani wanaanza kusingizia mgongo.

Kama umeamua kununua gari lililotumika na kujifunzia humo humo, kipimo ninachokupa ni kimoja: klachi. Mwanafunzi lazima ataila klachi, hata awe na mguu mwepesi namna gani. Kwa hiyo kila gari liulize hivi: klachi ikiisha leo asubuhi, fundi wa mtaani kwangu ataipata Kariakoo, ataifunga kabla ya magharibi, na mimi nitabaki na hela ya mafuta? Rangi, rimu na redio vitajadiliwa baadaye.

Halafu usihangaike kuagiza. Gari dogo lililozidi miaka kumi TRA, watu wa mapato, wanalipiga ushuru wa uchakavu juu ya kodi nyingine zote, na manyuali mengi ya bei ya mwanafunzi yamepita umri huo kitambo. Nunua lililokwisha kuwa nchini, lenye namba, ambalo kodi yake alishalipa mtu mwingine.

1. Toyota Corolla 110

Hili ndilo ningemwambia mdogo wangu anunue. Lilianza kutoka mwaka 1995, kwa hiyo usitegemee kukuta ua. Lakini pedali yake ya klachi ni laini, gia zinaingia mahali pake bila kubembelezwa, na ukiwa umekaa unaona bonneti inakoishia, jambo ambalo mtu anayejifunza kupaki analihitaji kuliko kamera.

Injini utakazokutana nazo sana ni za namna tatu. 5A ya cc 1500 ndiyo ya kuchukua. 4E ya cc 1300 nayo ni nzuri mjini, ila ukijaza watu watano ukaanza kupanda mlima utaiona inavyohema. Ya tatu ni 2C, dizeli, na hiyo muachie mwenye fundi wake wa dizeli wa kudumu: ikichemsha mara moja tu silinda hedi inaweza kupasuka, na wengi wanaoiuza wanaijua habari hiyo vizuri.

5A na 4E zote zinatumia mkanda wa taimingi, ule wa ndani ya injini unaotakiwa kubadilishwa kwa wakati wake. Fungua bonneti utafute stika ndogo ya Kijapani iliyoandikwa kilomita. Mara nyingi ndiyo kumbukumbu ya mkanda ulipobadilishwa huko kwao. Stika ikisema 98,000 na dashibodi ikasoma 85,000, huhitaji kuuliza swali jingine.

Klachi yake sasa. Vipande ni vitatu: pleti inayosuguana, presha inayoibana, na beringi ya rilizi inayoiachia ukikanyaga pedali. Badilisha vyote kwa pamoja. Atakuja fundi kukuambia presha bado nzima, ubadilishe pleti peke yake uokoe hela. Kazi kubwa, na hela ya ufundi, iko kwenye kushusha gia boksi, na rilizi ikianza kulia mwezi ujao utailipia kazi ile ile mara ya pili. Akishashusha, mwambie akuoneshe flaiwili, lile gurudumu la injini ambalo pleti inalishika. Ikiwa na alama za bluu kama chuma kilichoungua au imechimbika, ipelekwe kwa mchonga vyuma ikasawazishwe kwanza. Vipya viko Kariakoo, vilivyotumika Ilala. Kwa klachi usinunue kilichotumika, hujui mwenzio alikuwa anakaa vipi kwenye foleni.

2. Toyota Probox na Succeed

Kwa ubora wa gari, hili lingeshika namba moja. Ni la 2002 kuja juu, injini ya 1NZ inatumia cheni badala ya mkanda, chini ni gumu, na nyuma linabeba magunia. Limeshuka nafasi kwa sababu mbili. Kwanza bei: manyuali yake wafanyabiashara wanayagombania, hayakai yadi. Pili, maisha yaliyopita. Probox nyingi za manyuali mikoani zilikuwa mchomoko, zinapakia abiria mpaka kwenye buti kutoka alfajiri hadi usiku.

Inua zulia la nyuma. Ukikuta matundu ya bolti za kiti cha ziada, hiyo ilikuwa inatafuta hesabu ya bosi kila siku. Tazama pia mpira wa pedali ya klachi: ukiwa umelika mpaka chuma kinachungulia, usisikilize dashibodi inasema nini. Na ukiambiwa Probox ya sura mpya, ile ya kuanzia 2014, ni manyuali ya kiwandani, shuka ulitazame vizuri, maana toleo hilo lilitoka na oto pekee.

Hapo tunagusa ugonjwa mwingine. Kuna magari yaliyozaliwa oto, gia boksi ikafa, mwenye gari akafunga ya manyuali. Noah za namna hii zipo. Zinatembea, nyingine zinatembea vizuri tu, lakini kwa mwanafunzi hapana. Pedali imechomelewa, waya umepitishwa inakojulikana na fundi mmoja, na siku yule fundi akihama mji umebaki yatima.

3. Suzuki Carry, kirikuu

Wengi watacheka kuiona hapa juu, lakini kirikuu ni mwalimu mzuri. Injini ni cc 660 tu, kwa hiyo ukikosea kuachia klachi inazima papo hapo, haikusukumi ukutani. Gia namba moja ni fupi sana. Ikiwa tupu kwenye tambarare watu wanaondokea namba mbili. Unakaa juu ya matairi ya mbele, unaona barabara yote. Na jioni ukishajifunza inakwenda kubeba mchanga au maji, inajilipia klachi yake.

Shida ni kwamba ina viti viwili, na injini iko chini ya kiti, kwa hiyo joto unalijua mapema kuliko dashibodi. Inua kiti uangalie mabomba ya maji na dalili za kuvuja. Kirikuu iliyobebeshwa tofali kila siku springi zake zinakuwa zimelala. Itazame kwa pembeni ikiwa tupu.

4. Toyota Starlet

Bei ndogo kuliko zote hapa, spea za kumwaga, mafuta inanusa. Kiwanda kiliacha kuitengeneza 1999, Vitz ikachukua nafasi yake, kwa hiyo changa kabisa ina zaidi ya robo karne. Nyingi injini zimeshafunguliwa na kufanyiwa oveholi, na zimepigwa rangi juu ya kutu. Kama bajeti imebana, sawa. Bonyeza kwa kidole gumba chini ya milango na sehemu matairi ya nyuma yanapokaa. Bati likinepa, ondoka.

RAV4 ya kwanza na Hilux

RAV4 ya milango mitatu ya miaka ya tisini ina wapenzi wake, nami nawaelewa. Ila inakunywa, na kazi ya kushusha gia boksi ya gari linalovuta matairi yote manne hailingani na ya Corolla.

Hilux ya dizeli ndiyo rahisi kuliko zote kuondokea. Injini ya 3L ina nguvu chini, unaachia klachi taratibu bila hata kugusa mafuta na gari linatembea lenyewe. Tatizo ni bei yake, bei ya klachi yake, na urefu wake unapotafuta maegesho. Pia inakudanganya: aliyejifunzia Hilux akipewa Starlet inamzimikia kwenye kila taa.

Kulijaribu gari

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye bonneti. Likiwa la moto, kuna kitu kilikuwa kinafichwa asubuhi.

Washa ukiwa kwenye fri, yaani bila gia, mguu nje ya klachi, usikilize. Kisha kanyaga klachi mpaka chini. Mlio ukianza pale unapokanyaga, rilizi imechoka. Mlio ukiwepo mguu ukiwa nje na ukakatika unapokanyaga, hizo ni beringi za ndani ya gia boksi, na hiyo ni hela nyingine kabisa. Ingiza mkono chini ya dashibodi, pale pedali inapoingia kwenye ukuta wa injini. Kwa gari ambalo klachi yake inasukumwa na mafuta kama ya breki badala ya waya, pakiwa na unyevu, silinda ya klachi inavuja.

Kisha handbreki juu, gia namba tatu, ongeza mafuta kidogo na achia klachi taratibu. Gari lazima lizime. Likiendelea kunguruma kana kwamba hujaweka gia, pleti inateleza. Fanya mara moja tu, la mwenzio hilo. Barabarani, likiwa kilomita 40 kwa saa kwenye gia ya nne, kanyaga mafuta: mngurumo ukipanda na mwendo ukabaki pale pale, jibu ni lile lile. Rudisha gia kutoka tatu kwenda mbili. Ikisaga, sinkro ya namba mbili, kile kinachofanya gia iingie bila kugongana, imekwisha, nayo ndiyo hutangulia kufa. Ukitoa mguu kwenye mafuta na gia ikajirusha yenyewe kwenda fri, mrudishie funguo.

Kama hujui kuendesha, haya yote atafanya fundi, na awe fundi wako. Fundi aliyeletwa na dalali anakula na dalali.

“Haidaiwi hata mia”

Kila tangazo lina sentensi hiyo, pamoja na “alikuwa anaendesha mwanamama” na “kipupwe kinagandisha”. Kudaiwa unaweza kuhakiki mwenyewe kwa namba ya gari: faini za trafiki kwenye mfumo wa polisi, maegesho kwa TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Deni linafuata gari, na trafiki wa kwanza atakayekusimamisha hatajali kosa lilifanywa na nani.

Kadi ya gari uione halisi, siyo picha ya simu. Kuna watu wameweka kadi kwa mkopeshaji na gari wanaliuza huku. Linganisha namba ya chesisi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Jina kwenye kadi likiwa la mtu wa tatu, taka mikataba yote ya katikati, la sivyo siku ya kubadilisha umiliki TRA utaanza kumtafuta mtu aliyehamia Songea. Mkataba uandikwe kwa wakili, hela ipite benki. Na kwenye bajeti acha sehemu ya kumi usiiguse. Hiyo ni ya klachi, oili na mambo utakayoyagundua wiki ya kwanza.

Kujifunza

Kabla ya yote lipia masomo machache kwenye chuo cha udereva chenye manyuali. Klachi ya kwanza kuichosha iwe ya kwao. Ukianza na gari lako, hakikisha una leseni ya kujifunza kama huna leseni kamili, alama ya L mbele na nyuma, na mwenye leseni kando yako. Asiwe mume au mke. Ndoa ni nyingi zimetikiswa na gia namba mbili.

Anza uwanjani, tambarare, bila kugusa mafuta kabisa. Gia namba moja, klachi chini, kisha inua mguu polepole mno mpaka usikie injini inabadilisha sauti na pua ya gari inanyanyuka kidogo. Hapo ndipo klachi inaposhika. Simamisha mguu hapo hapo, hesabu moja mbili, gari litaondoka lenyewe. Kanyaga, simama, rudia. Ukishapajua mahali hapo kwa mguu, kuongeza mafuta ni jambo dogo.

Kubalansi mlimani kunawaogopesha watu bure. Vuta handbreki, ongeza mafuta kidogo, inua klachi mpaka pua inyanyuke, ndipo uachie handbreki. Halitarudi nyuma. Wanaokaa mlimani wakilishikilia gari kwa nusu klachi ili waonekane mabingwa ndio wateja wakubwa wa maduka ya Kariakoo.

Foleni ya Ubungo au Tazara ni hivyo hivyo. Gari likisimama, weka fri, toa mguu kwenye klachi. Acha nafasi mbele, ikifika urefu wa magari mawili ndipo uingize namba moja utembee. Bodaboda wataingia hapo, waache waingie. Na ukiwa unatembea, mguu wa kushoto ukae sakafuni. Ukiuegemeza juu ya pedali, hata kwa uzito mdogo, rilizi inazunguka bure na pleti inateleza bila wewe kusikia.

Safari ya kwanza ya mbali ngoja mpaka kushusha gia kusikuhitaji kufikiri. Kwenye mteremko mkali kama Kitonga au Sekenke, shuka na gia ambayo ungepandia. Atakuwepo mtu wa kukufundisha kuweka fri ili uokoe mafuta. Gari likiwa kwenye fri injini hailishikilii tena, mzigo wote unahamia kwenye breki, breki zikipata moto pedali inakuwa laini na haishiki, na kuingiza gia ndogo kwa mwendo huo itakataa. Gia unaichagua juu, kabla mteremko haujaanza.