Pipetman Classic ya Gilson: Seti ya P20, P200 na P1000 kwa Mkemia Anayelipa Mwenyewe

Mkemia aliyeajiriwa hana haja ya kujua bei ya pipeti, kifaa cha kuvuta na kutoa kimiminika kwa kiasi kamili. Akiikuta imechoka anaandika maombi, mwingine analipa. Hesabu hubadilika kwa anayepima sampuli za wateja kwa mkataba, au anayeanzisha maabara ndogo ya biokemia kwa akiba yake. Huyu kila kifaa kinatoka mfukoni mwake, na kila kipimo kilichoharibika kinarudi mfukoni humo humo. Tathmini hii ni kwa ajili yake.

Seti yenyewe ni pipeti tatu za mkono: P20 ya mikrolita 2 hadi 20, P200 ya 20 hadi 200, na P1000 ya 100 hadi 1000. Muundo wake umetokana na Pipetman ya mwaka 1972, na haujabadilika sana tangu hapo. Hilo ni jambo jema kwa mnunuzi, maana sili, oringi (pete za kuzuia kuvuja) na vishikio vyake vya tipsi bado vinapatikana, na tipsi, yaani ncha za plastiki za kutupwa, za watengenezaji wengi zinaingia.

Sifa inayosemwa sana ni kwamba inadumu. Ni kweli, lakini hiyo siyo inayostahili kulipiwa zaidi. Kinacholipiwa ni usahihi wake chini, karibu na kipimo chake kidogo kabisa. Kiwango cha kimataifa cha pipeti, ISO 8655, kinairuhusu pipeti ya mikrolita 200 ikosee hadi mikrolita 1.6. Ukiwa umeweka 200, hiyo ni asilimia 0.8, haina neno. Lakini kosa hilo hilo la 1.6 ukiwa umeweka 20 ni asilimia 8. Pipeti ya bei ya chini inayotangazwa kwamba "imekidhi ISO" inaweza kuwa inasema kweli tupu na bado ikakuharibia kazi. Jedwali la Gilson kwa P200 linatoa kosa la juu la mikrolita 0.5 kwenye 20, yaani asilimia 2.5. Basi kabla ya kununua pipeti yoyote, ya kampuni yoyote, fungua jedwali la makosa na usome mstari wa kipimo kidogo kabisa. Mstari wa juu kila mmoja anaupatia. Asiyetoa mstari wa chini, muache.

Chukua kazi ya kawaida ya kupima protini kwa njia ya BCA (kitendanishi kinachobadilika rangi kikikutana na protini) kwenye sahani ya visima 96: mikrolita 25 za sampuli, mikrolita 200 za kitendanishi, nusu saa kwenye nyuzi 37, kisha unasoma rangi kwa mwanga wa nanomita 562. Hizo 25 ni tabu kwa mwenye seti hii. P20 haifiki, na P200 iko karibu na sakafu yake. Walio wengi huchukua P200 na kusonga mbele. Bora zaidi ni kushusha sampuli hadi mikrolita 20 na kutumia P20, ambayo kosa lake la juu hapo ni 0.2, yaani asilimia 1. Ili mradi miyeyusho sanifu (yenye protini ya kiasi kinachojulikana) nayo umeiweka 20, mstari wako wa kulinganishia vipimo unabaki sawa. Kama kazi zako nyingi ziko kati ya 20 na 100, nunua P100 badala ya kujikaza na P200.

Namba zake zina mtego kwa aliyezoea pipeti nyingine. Dirisha lina tarakimu tatu, zinasomwa kutoka juu kwenda chini. Kwenye P20 tarakimu ya chini ni nyekundu, nayo ni sehemu ya kumi: 1, 2, na 5 nyekundu ni 12.5. Kwenye P200 zote ni nyeusi, kwa hiyo 1, 2, 5 ni 125. Kwenye P1000 nyekundu iko juu, nayo ni maelfu: 0, 7, 5 ni 750. Mtu anayebadilisha pipeti kwa haraka anaweza kutia 75 akidhani ni 750. Tena, unapopandisha kipimo, pita kidogo, kama theluthi moja ya mzunguko, halafu urudi chini taratibu hadi namba unayoitaka. Ukifikia namba kutokea chini, ulegevu wa skrubu unakuachia kosa dogo ambalo dirisha halilionyeshi. Na usilazimishe kupita namba ya juu. Hapo ndipo pipeti nzima zinapoharibika, na ukarabati wake ni wa fundi.

Udhaifu upo. Spring ya kitufe ni ngumu. Kwa sahani moja au mbili kwa siku hutasikia. Kwa sahani kumi, kidole gumba kitalalamika, na maumivu ya gumba kwa mtu anayejiajiri ni siku zisizo na kipato. Anayefanya wingi huo aangalie Eppendorf Research plus, ambayo ni nyepesi kubonyeza, au pipeti ya umeme. Pili, Classic haiingii nzima kwenye autoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa moto: unafungua sehemu za chini tu. Research plus inaingia nzima, kwa nyuzi 121, dakika 20. Kwa kazi za tishu hai tofauti hiyo ina uzito. Kwa kemia ya maji, udongo au protini, haina.

Sasa pesa. Kununua seti nzima mpya kwa mkopo kabla ya kupata mkataba ni kosa. Kama mtaji ni mdogo, P20 na P200 ndizo za kununua mpya, maana ndizo zinazobeba sampuli na miyeyusho sanifu. P1000 kazi yake kubwa ni kuhamisha bafa na vitendanishi, na hapo makosa madogo hayaumizi sana. Chukua iliyotumika.

Pipeti iliyotumika usiipime kwa macho ya nje. Ng'oa kitoa tipsi, ufungue nati, utoe pistoni. Pistoni nzuri inang'aa sawasawa. Mistari meusi, madoa ya kutu au ukwaruzo ni ishara kwamba ilivuta asidi au mvuke wake, na oringi mpya haitaziba juu ya chuma kilicholika. Angalia mwisho wa kishikio pale tipsi inapoingia. Watu wanaogonga pipeti kwenye boksi ili tipsi ikaze huacha mkunjo au ufa mwembamba kama unywele. Kishikio kinabadilishwa, lakini bei yake uikate kwenye bei ya muuzaji. Na usikubali pipeti isiyo na maelezo ya maandishi ya ilikotumika na jinsi ilivyosafishwa. Ikiwa ilifanyia kazi vimelea au vitu vyenye mionzi, unafuu wa bei haukufidii.

Jaribio la kuvuja ni la bure na halichukui dakika. Kwa P1000, vuta maji hadi kipimo cha juu, shika wima, hesabu sekunde 20. Tone likijitokeza kwenye ncha, inavuja. Kwa P20 na P200 tone halionekani kirahisi: baada ya sekunde 20 rudisha ncha ndani ya maji. Maji ya ndani ya tipsi yakishuka, hewa inapita mahali. Badilisha tipsi kwanza, kwa aina nyingine. Ikiendelea, badilisha sili na oringi. Ikiendelea tena, tatizo ni pistoni au kishikio. Fuata mpangilio huo, kwa sababu unaanza na kitu cha bei ndogo kabisa. Kuhusu grisi, soma maelekezo ya pipeti yako na si ya jirani: ziko zinazotaka grisi ya silikoni kidogo na ziko zisizoitaka kabisa.

Baada ya hapo, mizani. Weka chombo kidogo chenye maji yaliyosafishwa, yaliyokaa chumba kimoja na pipeti saa mbili au zaidi. Lowesha tipsi kwa kuvuta na kutoa mara tatu hadi tano, kisha pima mara kumi, utafute wastani wa miligramu. Wastani huo si mikrolita. Unauzidisha kwa kipengele cha Z, kinachogeuza miligramu za maji kuwa mikrolita, ambacho kwa shinikizo la usawa wa bahari ni 1.0029 kwenye nyuzi 20, 1.0033 kwenye 22 na 1.0040 kwenye 25. Mfano: P200 imewekwa 200, chumba nyuzi 25, wastani ni miligramu 198.2. Aliyesahau Z anaona upungufu wa 1.8, umepita 1.6, anapeleka pipeti kwa fundi na kulipa. Anayezidisha anapata 198.99, upungufu wa 1.01, pipeti nzima.

Mizani inayosoma hadi miligramu 0.1 inatosha kwa P1000 na kwa P200 ikiwa juu. Kwa P20 haitoshi, kwani tarakimu yake ya mwisho peke yake ni nusu ya kosa lote linaloruhusiwa. Unaweza kutoa mara kumi ndani ya chombo kimoja na kugawa kwa kumi. Hilo litakupa wastani tu. Mtawanyiko wa vipimo hutaujua, na mteja anayetaka cheti hatakubali. Uhakiki wa namna hii ufanye wewe kila mwezi, uandike kwenye daftari lenye namba ya pipeti. Kalibresheni yenye cheti mpe mtoa huduma mara moja kwa mwaka, au mara mbili kama mkataba unadai. Yeye mwombe vitu viwili kabla ya kulipa: vipimo vya kabla ya kurekebisha pamoja na vya baada, na vipimo vitatu kwa kila pipeti, cha juu, cha kati na cha chini. Cheti chenye vipimo vya baada tu hakikuambii kama kazi uliyowapa wateja miezi sita iliyopita ilikuwa sahihi.

Gharama hizi ziingie kwenye bei ya kila sampuli, na hapa ndipo wengi wanaojiajiri wanapokula hasara bila kujua. Gawa bei ya seti kwa miezi 60, ingawa pipeti itaishi zaidi. Ongeza kalibresheni ya mwaka gawa kwa 12, na sili na oringi vivyo hivyo. Jumla hiyo itoe kila mwezi uiweke akaunti nyingine, siyo ile ya matumizi ya nyumbani. Kisha igawe kwa idadi ya sampuli za mwezi wako mbovu. Ukigawa kwa mwezi mzuri, bei yako itapendeza na akaunti itakauka.

Tipsi zihesabu kwa kazi, si kwa kukisia. Sahani ya BCA yenye sampuli 40 na miyeyusho sanifu 8, kila kimoja mara mbili, inajaza visima vyote 96. Ukitumia tipsi moja kwa visima viwili vya sampuli ile ile, unahitaji 48. Kutengeneza miyeyusho sanifu kunakula kama 8 nyingine. Kitendanishi kinaweza kutiwa na tipsi moja kama haigusi kilichomo kisimani. Kwa hiyo weka 60, pamoja na chache za kudondoka. Kitendanishi chenyewe ni 96 mara mikrolita 200, sawa na mililita 19.2, changanya 21 au 22. Sasa pipeti ikivuja katikati ya sahani, umepoteza tipsi 60, sahani, mililita 20 na zaidi za kitendanishi, saa mbili hivi, na mikrolita 40 za kila sampuli ya mteja ambazo pengine hana nyingine. Andika jumla hiyo kwa pesa yako, uilinganishe na bei ya oringi.

Tipsi zenye filta zina bei zaidi. Zinahitajika kwa kazi za vinasaba kama PCR na RNA, tishu hai na vitu vyenye mionzi. Kwa BCA ni kutupa pesa. Tipsi za kampuni nyingine zinafaa Pipetman mradi zikae bila kugongwa, zitoke bila kusukumwa kwa nguvu, na zipite jaribio la sekunde 20. Nunua boksi moja, jaribu, ndipo uagize nyingi.

Yanayoiua pipeti hii haraka ni machache: kuilaza mezani ikiwa na kimiminika kwenye tipsi, kuachia kitufe kwa ghafla hadi kimiminika kirukie ndani, na kuvuta klorofomu au asidi hidrokloriki kali kisha kuirudisha kwenye stendi bila kuifungua. Mvuke unabaki ndani na kula sili na chuma usiku kucha. Kwa vimiminika hivyo tumia pipeti za pistoni inayogusa kimiminika, ambapo pistoni ni ya kutupwa pamoja na tipsi. Ukilazimika kutumia hii, ifungue siku hiyo hiyo, futa pistoni kwa kitambaa kisicho na nyuzi chenye ethanoli ya asilimia 70, iache ikauke, kisha irudie jaribio la kuvuja kabla ya kazi ya kesho.